Bolti Niliyoifunga Pamoja na Asali

Kando ya bwawa, Mbeere
Septemba 1995

Kwako Mama Kinya, mke wangu,

Natumai barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, shuka mabegani, maana najua Timau mwezi huu baridi haimheshimu mtu. Kifua cha Kinya kimetulia? Na mgongo wako, je, bado unakusumbua kwa kubeba waru, viazi vile vizito, mpaka barabarani? Mimi ni mzima, ila jua la huku limenichoma hata mama yangu akiniona atauliza huyu ni mgeni wa nani. Chakula napata, maji ya kunywa nachemsha kama ulivyoniamuru, na ndani ya neti nalala. Hayo nimeyatanguliza kwa sababu najua ndiyo ungeyatafuta kwanza.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la ndengu. Nimeisoma mara nyingi, hasa pale ulipoandika kwa herufi kubwa: KINYA HATALELEWA NA MAMBA. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu chini yake uliandika kwa herufi ndogo kwamba umechoka kuwa na mume wa karatasi. Karimi, neno hilo limekaa na mimi kazini na kitandani. Hata mimi nimechoka. Kwa hivyo nataka nikueleze mambo ya hapa yote, bila kuyapaka sukari, halafu tujue tutaishi pamoja wapi, wewe na mimi na mtoto.

Unakumbuka shamba la ngano lilipotupunguza kazini, nikakwambia kuna akina mama wa Mbeere wanatafuta fundi wa kuchomelea awafufulie pantoni? Wewe ulidhani ni meli. Si meli. Ni sakafu pana ya mbao iliyolazwa juu ya matangi mawili marefu ya chuma, matupu ndani, na hayo matangi ndiyo yanayoelea. Waliojenga bwawa waliitumia kuvushia saruji, na walipomaliza wakaisukuma kando wakaenda zao. Nilipofika niliwakuta mbuzi wamelala juu yake. Mbao zilizokuwa nzuri zilishakuwa milango ya vyoo vya watu, na kutu ilikuwa imekula chuma mpaka kidole kinapita. Nilitaka kugeuka nirudi siku hiyo hiyo.

Aliyenizuia ni Cucu Ciarunji, bibi mwembamba ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha hao akina mama. Amekula chumvi nyingi, lakini tukitembea mimi ndiye ninayebaki nyuma. Alinipeleka ukingoni akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo.

"Fundi, unaona ile mabati inang'aa? Hiyo ni dispensari. Soko iko nyuma yake. Na sisi tuko huku tunaiangalia tu."

Kwa barabara ni kuzunguka bwawa lote. Kwa maji ni karibu, lakini kuna mtumbwi mmoja mwembamba tu, na viboko wa hapa hawataki kuulizwa njia. Binti yake Cucu alijifungulia kwenye ile barabara, na mtoto hakukaa duniani. Aliniambia hayo bila kulia, kisha akaniuliza kama ningependa uji. Nikabaki.

Kazi ya mbao alipewa Njagi, seremala wa hapa, ambaye pia ana mizinga ya nyuki kama wanaume wengi wa huku. Siku nilipogonga tangi la kushoto kwa nyundo nisikie uzima wake, lilinguruma. Kundi zima la nyuki lilikuwa limehamia ndani kupitia tundu la kutu. Mimi nikasema tuwashe moto tuwamalize, kazi iendelee. Njagi akaniangalia kama nimetukana kanisani.

"Hawa hawakukuja kwa ubaya," akasema. "Walikuwa wanatafuta nyumba, wakapata. Huwezi fukuza mgeni kama hujamwonyesha pahali ingine ya kulala."

Basi pantoni ikangoja nyuki. Njagi alichonga mzinga kutoka kwa gogo, akaupaka nta ndani, akautundika kwenye mgunga ulio karibu. Jua lilipopoa akawafukizia moshi, akatoa masega kwa utaratibu huku akiwazungumzia kwa Kimbeere, akampata malkia wao akamtia mzingani, na wengine wakafuata. Mimi niliumwa sikio tu, nikalala upande mmoja. Asali iliyo kwenye chupa hii ilitoka ndani ya tangi hilo, kwa hivyo ukionja kutu kidogo usishangae.

Mbao tulienda kuzitafuta Kianjokoma. Mama Kinya, nilipofika kule juu nikakuta ukungu na majani chai yaliyolowa, pua ikaanza kutiririka kama niko kwetu, nikafurahi kama mjinga. Nilisimama kando ya lori nikakuwaza mpaka wakaniita mara mbili. Njagi naye alitetemeka, akanunua kofia ya sufu, na mpaka leo anaivaa huku kwenye jua ili watu waulize alikotoka.

Sasa sikia kosa langu, na ni kosa la mtu wa baridi. Kwetu Timau chuma hushinda kikiwa na baridi mchana kutwa. Huku ukikigusa saa saba unaacha ngozi. Mimi nilimalizia kiraka cha mwisho saa hizo hizo za jua kali, nikayaziba matangi yote mawili kabisa, hewa yote ya moto ikabaki ndani, nikajisifu. Jioni akina mama wakaja na nyimbo zao, tukaivuta pantoni kwa kamba juu ya magogo hadi majini. Ikaelea, Karimi. Ikaelea vizuri, nami nikalia mbele za watu.

Asubuhi tuliikuta imeinama. Ubavu wa tangi la kushoto ulikuwa umebonyea ndani kama shavu la mzee asiye na meno, kiraka kimepasuka, maji yameingia. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti kwamba maji yamemkataa mtu wa mlima. Cucu Ciarunji aliketi juu ya jiwe akawa anavunja kijiti vipande vidogo vidogo, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko maneno ya yule bwana. Mvua hazikuwa mbali, na zikianza mto hujaa bwawani na hata ule mtumbwi haudiriki kuvuka.

Nilipanga vifaa vyangu sandukuni. Nikasema moyoni, basi, Karimi ameshinda, narudi kulima waru. Na sitakuficha, nusu ya moyo wangu ilifurahi.

Nikaenda kuoga kabla ya safari. Nilipokuwa nikimimina maji ya mwisho kutoka kwenye jerikeni, nikaikumbuka ile yetu ya jikoni, ile ya manjano iliyobonyea tumbo. Unaitia maji moto ya kumwogeshea Kinya, ukimaliza kuyatumia mimi naifunga upesi upesi ingali na joto, na asubuhi tunaikuta imejikunja. Kila mara unaniambia, "Baba Kinya, iache ipumue kwanza. Ukiifunga na joto inajinyonya." Na kila mara mimi nasema ni jerikeni mbovu, tutafute nyingine.

Nilisimama pale na sabuni usoni. Tangi langu lilikuwa jerikeni yako. Nililifunga na joto, maji yakalipoza, likajinyonya. Mke wangu amenifundisha jambo hili jikoni miaka yote hiyo, nami nilikuwa nikiyasikia kwa sikio hili yakitokea lile.

Sanduku likafunguliwa tena. Tuliivuta pantoni nchi kavu, nikalikata tangi, tukalinyoosha kwa nyundo kutokea ndani, nikalichomelea upya. Safari hii kila tangi nimelitoboa tundu juu, nikalichomelea nati, ili lifungwe kwa bolti. Mchana linaachwa lipumue. Alfajiri chuma kikishapoa, ndipo linafungwa. La kulia nililifunga hivyo, tukairudisha pantoni majini, na mpaka leo tangi hilo limesimama imara. La kushoto bado halijafungwa, na sababu ni wewe.

Nakwambia ilivyokuwa. Cucu aliniuliza ni nani aliyenipa akili hiyo ya kuacha chuma kipumue. Nikawasimulia habari za jerikeni, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Kisha Cucu akaacha kucheka.

"Kumbe mwenye pantoni ako Timau," akasema. "Sasa wewe fundi, huko kwenu mwanaume anaingia nyumba mpya peke yake?"

Nikasema hapana, mama wa nyumba ndiye anayewasha moto wa kwanza.

"Hata huku ni hivyo. Na hii ni nyumba yetu ya maji. Mlete huyo mama afunge hiyo ingine na mkono yake, ndio tuvuke."

Nikawaambia mama huyo anaogopa mamba. Nilidhani watakasirika. Cucu akanishika mkono akasema, "Mwambie hata sisi tunaogopa. Ndiyo maana tunataka pantoni."

Wametaka nibaki niwe mwendeshaji wake na fundi wake. Nyumba ipo, ya mabati, mbali kidogo na maji, juu pale ambapo upepo unafika. Wamesema kuna sehemu ya kupanda ndengu na mapapai. Shule iko karibu kuliko ile ya kwetu. Mbu wapo, joto lipo, na waru hazioti, nisikudanganye. Nimewaambia sitajibu neno mpaka wewe ujibu.

Mimi ningependa kubaki, Karimi. Nataka kukiendesha chombo hiki na kumwona mama akishuka ng'ambo na mtoto wake tumboni akiwa salama. Lakini nakutaka wewe zaidi, na hilo naliandika wazi ili lisikupotee kati ya habari za nyuki na kutu. Ukija ukaona hapakufai, tutapanda lori pamoja siku ile ile tutakayovuka, na sitakununia. Usipotaka kuja kabisa, nitatafuta bolti nyingine kabla ya mvua, maana hawa watu hawawezi kungojea mivutano yetu mimi na wewe. Nitamfundisha Njagi kuendesha, kisha nirudi kwako Timau na jembe langu. Kwa vyovyote, mambo ya kuishi mbali mbali yameisha.

Nisalimie mama yangu, umwambie sijaingia majini zaidi ya magoti, hata kama si kweli kabisa. Nisalimie kaka yangu Mutuma, mlinzi wa boma letu, na umkumbushe lile paa la zizi. Nisalimie shangazi Mukiri anayekushikia mtoto siku za soko. Asali kidogo ni yake, lakini mpe baada ya wewe kujitilia. Kinya mwambie baba amemfanyia nyumba inayoelea, na asiwaambie wenzake kabla hajaiona.

Mzigo huu atakuletea yule yule dereva wa ndengu, atakuulizia sokoni Gakoromone, mahali unapouzia waru. Ndani kuna chupa ya asali, na kando yake kitambaa kilichofungwa fundo. Humo mna bolti ya tangi la kushoto. Nimeisugua kutu yote, nikaipaka grisi, na nikajaribu kuifunga na kuifungua ili nijue haitakupa taabu. Alfajiri za huku zina baridi kidogo, ya kukutosha wewe. Ukiamua kuja, usimpe mtu bolti hiyo aniletee; ije mkononi mwako.

Mimi mumeo, nisiyetaka tena kuwa wa karatasi,

Mwiti