Chura wa Kaka Yako

Fridley, Januari 1996

Wifi Haika,

Makoti ya watoto nimeyatuma. La kijani ni la Mkunde.

Unamkumbuka yule chura ambaye kaka yako Lukas alikuandikia habari zake? Alimfukua kwenye majani, ameganda, mgumu kama jiwe. Nikamwambia amtupe, akamweka sebuleni kwenye joto. Tukiwa tunakunywa chai, chura akaruka.

Jana gari lilimzimikia Lukas njiani, akatembea kwa miguu kwenye theluji. Wamemkuta amelala, amekakamaa, moyo kimya. Daktari anasema hawezi kumwita marehemu mpaka mwili upate joto kwanza. Simu nimeshindwa kupiga. Naogopa, wifi. Mkisikia kwa wengine, msifunge turubai la msiba.

Naandika hapa hospitalini huku mkono wa kushoto umeshika mguu wa Lukas. Yule chura alianza kwa kutikisa mguu.

Wifi yako,
Valentina