Nilimwahidi Baba Mkwe Kulala Kaburini Mwake

Segerea, Jumapili, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo.

Shikamoo Mama Mshauri,

Nisaidie, uchumba wangu wa miaka miwili unavunjika. Jana jumuiya yetu ilikodi basi kwenda kutalii Kimbiji, na mchumba wangu Venance akamleta baba yake, Mzee Gaspar, aliyekuja kumtembelea kutoka Iringa, ili tufahamiane, na kwa kuwa mie ni Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani wa kutaniana hata makaburini, tangu Ijumaa nilikuwa nimeandika kwenye shajara utani wa aina tatu wa kumchangamsha mzee. Tukavuka daraja la Kigamboni, tukapiga picha ufukweni, tukaoneshwa dagaa wakianikwa, mzee akitazama bahari tu, nikasema acha chakula kifike. Wali wa nazi na changu wa kukaanga vilipoletwa, nikanyakua kichwa cha samaki kwenye sahani yake, nikasema mbele ya wote, "Kula haraka, mtani! Siku ukifa nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka wanao wanipe mbuzi!"

Hakuna aliyecheka. Mzee akasema, "Mwanangu, mimi Mhaya. Iringa nilipelekwa kufundisha."

Venance akafoka, "Unamtabiria baba kifo?"

Kwenye basi la kurudi nikamsikia mzee akimwambia jirani yake, "Huyu angalau kaahidi kuja mazishini. Wanangu hata simu hawapigi." Venance alisikia, akageukia dirishani. Tulipofika akasema posa isimame kwanza. Nifanyeje? Usingizi ulinichukua saa saba kasoro dakika kumi na mbili usiku.

Flaviana

*

Flaviana,

Pole, lakini nikuseme kwanza. Utani hauandaliwi kama somo la kesho. Hata angekuwa Mhehe wa Kalenga, mkwe hapokonywi chakula siku ya kwanza: unamwamkia, unamnawisha, unangoja aanze yeye. Na miaka miwili yote mlikuwa mnazungumza nini, hata kabila la mkweo ukalijulie kwenye sahani?

Sasa isome tena barua yako. Aliyefoka ni nani? Mzee alikujibu kwa upole, kisha akatania, tena kwa ustadi kukushinda wewe. Utani wake ulimpata mtoto asiyepiga simu, na huyo ndiye aliyesimamisha posa.

Mchukue shangazi yako, nendeni mzee akiwa bado Dar. Piga magoti, omba radhi mara moja, habari za watani usizifungue. Akikupokea, omba namba yake umpigie kila Jumapili, posa iwepo isiwepo.

Venance mwache anune. Siku akikuuliza baba anaendeleaje, mwambie ampigie mwenyewe.