Saa ya Babu na Siagi ya Bibi

Katesh, Hanang,
Mkoa wa Manyara.
29 Juni, 2025

Mpendwa kaka Gerald,

Shikamoo kaka. Habari za Kitwe, na habari za gereji? Wifi anaendeleaje na miguu yake, uvimbe umepungua? Na mtoto, kile kikohozi kimeisha? Mwambie shangazi yake anamsalimu sana na anataka picha mpya, ile ya mwaka jana amefumba macho.

Sisi huku tupo. Shule zimefungwa, kwa hiyo walimu tunapumua kidogo. Baridi imetushika kwelikweli, asubuhi mlima hauonekani kwa ukungu na maji ya bomba huwezi kuyagusa. Kule nyumbani Getanuwas ng'ombe ni wazima, na yule mwekundu uliyekuwa unamdekeza amezaa ndama jike. Bibi yupo, macho ndiyo basi tena, haoni hata kivuli, ila masikio yake usiyachezee. Ukinong'ona jikoni anakujibu akiwa uani.

Najua unashangaa barua ya karatasi zama hizi. Kaka, siku hizi ukipiga simu nakukatisha nikisema chaji inaisha. Chaji ilikuwepo. Nilikuwa naogopa uniulize habari za saa ya babu. Sasa Severine anakuja huko na lori la vitunguu, nimeona nimpe barua hii ili niseme yote bila kusikia unavyovuta pumzi. Tafadhali kaa kwanza ndipo uisome.

Ni wewe uliyeniambia Krismasi niikatie bima. Ulisema tangu yale matope ya mlima yalipopita kwenye nyumba za watu hapa Katesh, hulali vizuri ukifikiria saa iko kwenye kopo la Bibi chini ya kitanda. Nami nikaona kaka ameniamini, ngoja nimwonyeshe kwamba na mimi nina akili. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilianza na Urban, wakala wa bima hapa mjini. Nikamweleza kuwa ni saa ya mkono ya jeshi, babu yetu Gidabuday alirudi nayo kutoka vita vya Burma alipokuwa askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza, na babu aliacha neno kwamba iwe ya mjukuu wake wa kwanza wa kiume, ambaye ndiye wewe. Urban akasema hawawezi kuandika bima ya kitu kisichojulikana thamani. Akanipa namba ya mama mmoja wa Arusha anayethamini saa za kale. Yule mama akataka kwanza picha, mbele na nyuma.

Nikaenda kwa Bibi kuichukua. Akaniuliza hiyo bima ni nini. Nikamwambia, saa ikiibiwa au ikiungua, kuna watu watalipa. Akacheka mpaka akakohoa, akasema hao watu ni wajinga lakini wana roho nzuri. Akanipa, imefungwa kwenye kile kipande cha ngozi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Kila mwezi mpya ukionekana, Bibi anachota siagi kwenye kibuyu, anaipaka nyuma ya saa kwa dole gumba, huku anawataja kwa Mungu watu wake walio mbali. Alianza enzi babu alipokuwa anaondoka na ng'ombe kwenda minada ya mbali. Tangu ulipovuka mpaka kwenda Zambia amekuwa anakutaja wewe. Siagi ya miaka yote hiyo ilikuwa imeganda nyeusi kama sufuria ya kuni, na harufu yake unaijua.

Niliiweka mezani kwenye ofisi ya walimu ili niipige picha. Mwalimu Agatha, tunayefundisha naye, akaziba pua, akauliza nani ameleta maziwa yaliyooza. Wengine wakacheka. Kaka, niliona aibu. Niliionea aibu siagi ya Bibi yangu mbele ya watu niliowazoea, sembuse huyo mthamini wa Arusha. Nikaifunga haraka nikatoka.

Nikaipeleka kwa Idd, fundi saa wa pale sokoni. Akaifuta na petroli, siagi yote ikatoka. Akaniita nione. Nyuma palikuwa na mshale mdogo na namba za jeshi, na chini yake mistari imekwaruzwa kwa mkono, imepindapinda. Idd akaniuliza aiache hivyo hivyo? Nikamwambia aing'arishe yote, ing'ae kama mpya, inaenda kwa wataalamu. Akaisugua mpaka nyuma pakawa laini kama kioo. Usimlaumu Idd hata kidogo. Aliuliza, nami nilijibu.

Yule mama wa Arusha alipoona picha alinipigia mwenyewe. Akauliza kama nina picha za kabla ya kusafishwa. Sina. Akanieleza polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba ule mshale na zile namba ndizo zilizokuwa ushahidi wa jeshi. Bila hizo ni saa kuukuu tu kama nyingine. Urban akaikatia bima kwa thamani hiyo ndogo, akanipongeza. Ona ujinga wangu kaka, hata hapo nilijipa moyo. Nilisema Gerald hana mpango wa kuiuza, bei si kitu.

Nikairudisha Getanuwas mwezi wa nne, siku mwezi mpya ulipoonekana. Bibi akachota siagi. Akapeleka dole gumba nyuma ya saa, akalizungusha, akalirudisha, akalizungusha tena. Akanirudishia saa mkononi. Akasema hii si ya babu yenu, tumebadilishiwa. Nikaapa kwamba ni ileile. Akaniuliza, kama ni yenyewe, chapa iko wapi?

Kaka, ile mistari iliyopinda ilikuwa chapa ya ng'ombe wetu. Babu aliichora kwa ncha ya kisu huko kambini ili askari mwingine asije akasema saa ni yake. Ni chapa ileile iliyo kwenye paja la kila ng'ombe wa boma letu. Wewe uliyechunga ndama ungeitambua mara moja. Mimi nimeishi bwenini tangu nina miaka saba. Nimesomeshwa kwa ng'ombe hao, nimekua kwa maziwa yao, na nilipoiona chapa yao kwa macho yangu mawili nikadhani ni mikwaruzo.

Nilimwambia Bibi yote, hata habari ya harufu na kucheka kwa walimu. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alipangusa siagi kwenye ukingo wa kibuyu, kisha akauliza, "Sasa nikimtaja Gerald, nimshike wapi?"

Mwezi wa tano ulionekana, hakutoa hata kibuyu. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba wewe uko huko chini ya magari ya watu hujui lolote, na nyumbani jina lako halitajwi kwa sababu yangu. Nilimwambia nitaitazama chapa kwenye paja la ng'ombe, niichore upya kwenye saa. Akakataa. Anasema chapa inawekwa na mwenye mali kwa mkono wake, na mwenye saa ni wewe.

Juzi jioni mwezi umeonekana tena. Jana asubuhi Bibi akaniita, kibuyu kiko miguuni pake. Nikakimbilia kopo, nikamletea saa. Akaisukuma pembeni. Akapapasa mpaka akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akanipaka siagi pale mtu anapovaa saa, dole lake limekandamiza mpaka nikasikia maumivu. Akakutaja wewe. Akamtaja wifi na mtoto. Nikadhani amemaliza, nikataka kuinuka. Hakuniachia. Akanitaja na mimi.

Kaka, unajua Bibi anawataja walio mbali tu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, mkono wangu uko mkononi mwake. Nililia, na kwa masikio yale najua alinisikia.

Sikunawa. Nimerudi Katesh hivyo hivyo, na leo nimeenda misa hivyo hivyo. Mwalimu Agatha alikaa karibu yangu, akaanza kunusanusa. Nikamwambia, "Ni mimi. Ni siagi ya Bibi yangu."

Saa iko kwenye kopo, inatembea vizuri, nimeacha kisu cha babu kando yake. Njoo uichore chapa kaka, hata kwa siku chache, Bibi si wa kusubiri miaka. Mimi likizo yote iliyobaki nahamia Getanuwas, nimemwomba Bibi anifundishe ng'ombe wetu mmoja mmoja. Ukinikasirikia una haki, ila kasirika ukiwa njiani.

Wasalimie wifi na mtoto, na wote wa hapo gereji wanaotufahamu. Shangazi Mectilda anasema umpigie, mjomba Basili amepona mgongo na anakusalimu. Bibi anasema Mungu akulainishie njia, ya kwenda na ya kurudi.

Mdogo wako anayekupenda na kukuomba msamaha,

Perpetua