Video Yako ya Maji Kushuka

Atieno,

Juzi nusura niue watu watatu, na sauti niliyotumia ni yako. Naanza hapo kwa sababu hukuwa mtu wa salamu ndefu. Ukinipigia simu ulikuwa unaanza katikati ya habari, eti "basi huyo mama akakataa," na mimi sijui hata ni mama gani.

Jumatano ulitimiza mwaka tangu utuache, na ziwa limerudi. Lilianza kupanda kidogo kidogo mwezi uliopita. Jumapili likafika kwenye ploti yetu, likaingia chooni, halafu vyumba vya mwisho. Sisi wote wa huku chini tulihamia ukumbi wa kanisa kule karibu na barabara. Nilibeba cherehani kwanza, ndipo nikarudia godoro. Najua ungenicheka mpaka kesho.

Grupu yako ya maji kwenye simu bado iko. Ni wewe uliyetukusanya humo, kinyozi, mlinzi, wauza samaki, watu wa kila kona ya Kihoto, kila mmoja atume video ya maji mlangoni pake. Kisha asubuhi, kabla basi la shamba la maua halijakuchukua, unasimama kando ya ule mlingoti wa stima ulioupaka mistari kwa rangi yako ya kucha, unatoa uamuzi. Mstari wa tatu, fungeni mizigo. Mstari wa nne, tokeni. Watu hawakuuliza redio imesema nini. Waliuliza, "Atieno amesemaje?"

Ulipoondoka niliendelea na kazi yako, lakini nilikuwa natuma picha tu. Kusimama hapo na kuongea mahali pako nilishindwa. Na jambo lingine sijawahi kukuambia: sikutangaza kifo chako kwenye grupu. Waliokujua walikuja kukuaga. Walioongezwa baadaye waliona tu jina lako na picha yako pale juu, wakadhani bado uko. Kila nikitaka kuandika marehemu, kidole kilikataa. Nikasema nitaandika kesho, na kesho hiyo ikawa mwaka.

Basi Jumatano hiyo mchana nilikuwa nimeketi ukumbini, upweke umenishika vibaya, nikafungua video zako. Nikachagua ile ya mafuriko ya kwanza, ulipokuwa umevaa gamboti za mpira za bwana kinyozi, umefunga sketi magotini, unacheka, mwisho ukinitania mimi fundi wako: "Watu wangu, maji imeshuka. Rudini nyumbani, mufagie matope, mupike chai. Fundi, wewe ndio wa kwanza, wacha uoga." Nikaiweka kwenye grupu bila neno hata moja. Nilitaka watu wakuone siku yako. Haki ya Mungu, ni hilo tu.

Nikaacha simu kwenye chaji, nikaenda kupanga foleni ya maji ya kunywa. Niliporudi ilikuwa karibu saa kumi na moja, na simu ilikuwa inatetemeka juu ya meza kama ina homa. Video yako ilikuwa imeshatumwa kwenye grupu ya wapangaji, ya kanisa, ya kina mama wa shamba la maua. Mtu asiyekujua alikuwa ameongeza, "Habari njema, mambo imekuwa sawa." Hukutaja tarehe kwenye video, Atieno. Hukuwa ukitaja kamwe, kwa sababu sisi tulikuwa tunakutazama asubuhi ileile. Nikafuta ile niliyotuma. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, nyingine zilikuwa zimeshaenda kwenye simu nisizozijua.

Nikainua macho. Magodoro yalikuwa yamepungua.

Nilipiga simu mpaka sikio likaniuma. Wengi walikuwa bado njiani, wakageuka. Wawili walinitukana na nikawashukuru. Simu moja tu haikuita, ya Chebet.

Humjui Chebet. Ametoka Kuresoi, alikuja kufanya kazi ya maua, bwanake huendesha lori la mbao kule Elburgon na hurudi mwisho wa mwezi. Ana mapacha wa wiki tano. Anaishi chumba chako. Samahani, sikujua nikuambie vipi kwamba mlango wako una pazia la mtu mwingine. Kwao milimani mvua ikinyesha maji hushuka zake yakaenda. Hajui haya yetu yanayopanda kimya kimya kutoka chini.

Nikamuuliza mama aliyekuwa amelala karibu naye.

"Alienda na watoto. Alisema huyo dada wa mlingoti amesema maji imeshuka."

"Na haukumzuia?"

"Nimzuie nikiwa nani? Si ni wewe ulituma?"

Nikatoka mbio.

Unajua ninavyoogopa maji, hata ya beseni. Kwenye kona ya kinyozi yalinifika magotini. Karibu na mlingoti yalikuwa mapajani, na mstari wako wa nne sikuuona tena. Kijana mmoja aliyekuwa anaokoa vitu kwa mtumbwi aliniita, "Mathe, usiingie huko. Kiboko amelala nyuma ya hiyo ploti tangu mchana." Nikamwambia asogeze mtumbwi. Akasema hawezi kupita kwenye ule uchochoro, atangoja hapo konani. Nikaingia kwa miguu.

Nitakuambia ukweli kwa sababu huwezi kunikasirikia tena. Nilikuwa nakuchukia. Nilikuwa nashika ukuta, natembea, na najua kwamba dakika hiyohiyo uko kwenye simu ya mtu mahali fulani, unacheka, unamwambia arudi nyumbani. Nilisema kwa sauti, "Nyamaza, Atieno. Nyamaza kidogo." Mwaka mzima nilikuwa naomba kukusikia, na sasa naomba unyamaze.

Chebet alikuwa amesimama juu ya kitanda. Alikiinua kwa matofali alipofika, akidhani ni maji kidogo yaliyobaki, halafu yakamjia. Kila mkono ulikuwa na mtoto. Hakuwa analia. Aliponiona alisema, kama mtu aliyerudia maneno hayo mara nyingi peke yake, "Siwezi kubeba wawili nikishika ukuta. Nikasema niwache nani?"

Nilishindwa kumtazama.

"Nilikuwa nangoja ishuke," akasema. "Huyo dada amesema."

"Huyo dada alikufa, Chebet. Alikufa mwaka jana. Video ni ya zamani. Ni mimi nilituma."

Hapo ndipo nililisema neno hilo kwa mara ya kwanza, kwenye chumba chako, maji yakiwa kiunoni. Hakunitukana. Akanyoosha mkono mmoja wenye mtoto. "Shika huyu. Shikilia kichwa."

Tulitoka tukiwa tumegusana mabega. Tulipopita choo, kitu kikubwa kilipumua nyuma ya ukuta, pumzi nzito ya maji. Chebet akasimama. Mtoto niliyembeba akaanza kulia, nikamwekea kidole changu mdomoni, kichafu hivyo hivyo. Hatukupumua. Kisha tukaendelea, hatua moja, nyingine, mpaka mikono ya yule kijana ikapokea mtoto wa kwanza, wa pili, halafu sisi.

Nilisimama hapo konani nimelowa, nikawasha kamera. Video yenyewe inayumba. Nikasema: "Leo ni Jumatano, saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Mimi ni Wairimu, fundi wa nguo. Maji imepita mstari wa nne. Yule dada mnaona kwa video anaitwa Atieno. Atieno alikufa. Video yake ni ya zamani. Msirudi." Nikaituma na kilio cha mtoto ndani, sikukata.

Chebet amehamisha godoro lake upande ule mwingine wa ukumbi. Hanisemeshi na ni haki yake. Ila asubuhi hii alikuja na mtoto mmoja mgongoni, akasema, "Nionyeshe huyo dada tena." Tukakutazama mpaka mwisho, nikamweleza jinsi kidole kilivyokataa kuandika marehemu. Akanirudishia simu. "Hata mimi singemwacha akufe," akasema, akaenda zake. Sijui kama ni msamaha. Nimeketi na maneno hayo tangu saa hiyo.

Picha yako nimeitoa pale juu ya grupu, Atieno. Nilidhani nitaumia zaidi ya hivi. Video zako sifuti, lakini hazitoki tena kwenye simu yangu. Na nakuahidi, kila asubuhi maji yakiwa juu nitasimama konani, nitataja siku na saa na jina langu, na kila mgeni akiongezwa nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba uliyeanzisha kazi hii umekufa. Nitalisema mpaka lizoee kutoka.

Lala sasa, rafiki yangu. Nyamaza kabisa, upumzike. Nitaongea mimi.

Fundi wako,
Wairimu