Shati Tuliloliita Waziri

Ijumaa. Upepo umegeuka tangu jana. Asubuhi nilipofungua mlango nilihisi kibaridi shingoni, cha kwanza tangu ile miezi ya moto. Vumbi lipo lakini linavumilika. Nimefua nguo, nimesinzia kidogo mchana, na sasa nimekaa juu ya ndoo nje ya chumba chetu hapa Muaither, pembezoni mwa Doha. Moyo umejaa. Umejaa nini, bado natafuta.

Ukurasa huu wa mtandaoni nilifunguliwa na binti yangu Mkamburi, alipochoka na baba anayepiga simu nyumbani halafu ananyamaza. Alisema, "Baba, andika hata mistari mitatu, mawazo yasikukalie kichwani." Akaapa kwamba yeye hatasoma. Nilimwamini mpaka siku nilipoandika kwamba viatu vyangu vya kazi vimetoboka, na kesho yake mama yake akaniuliza habari za viatu.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika mambo ya kupendeza tu. Mashua nyeupe za matajiri. Futari tuliyopewa bure. Paka mnene wa duka la jirani.

Leo sina ya kupendeza. Mkamburi, kama umefika hapa, soma mpaka mwisho, usikimbilie simu.

Nina miaka arobaini na nane. Kazi yangu ni miti na maua ya kando ya barabara kule The Pearl, kisiwa cha matajiri. Shule niliachia darasa la saba, lakini miti naielewa. Mtende ukihamishiwa hapa huletwa na lori, makuti yote yamekusanywa juu na kufungwa kamba, kama mwanamke aliyefunga nywele aende shambani. Haufunguliwi mpaka ushike mizizi, maana jua litaukausha. Nimepanda mingi. Mingine hufa ikiwa bado imefungwa, na ukipita barabarani huwezi kujua. Rangi ya kijani hukaa muda mrefu baada ya mti wenyewe kuondoka.

Mwezi wa tisa nilikaa chini ghafla kazini, bomba la maji mkononi. Sikuanguka, nilikaa. Dunia ilizunguka kidogo, ikasimama. Mwadime, ambaye ni wa kwetu Taita na tunalala chumba kimoja, alinitazama akasema, "Mzee, unamwagilia viatu. Vitaota?" Tukacheka. Nikaendelea na kazi.

Lakini Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada, nilipanga foleni pale ambapo wauguzi wa Kikenya hupima watu presha bila malipo. Aliyenipima ni dada Nekesa, binti wa Bungoma, mdogo wangu kwa miaka mingi. Alipima mkono wa kulia, akapima na wa kushoto. Akanituma kliniki, na huko nikapewa vidonge. Nikashukuru, nikaviweka chini ya mto, nikawa nameza siku ambayo kichwa kinauma.

Wiki iliyopita alinipima tena. Akaniuliza nameza vipi. Nikamweleza, tena kwa majivuno kidogo, kwamba mimi si mtu wa kupenda dawa, pakiti moja nimeitunza mpaka leo.

"Kaka," akasema, "hii si dawa ya kichwa. Haingoji uumwe. Unameza kila siku, hata siku unayojisikia kama kijana."

Nikadhani amemaliza. Kumbe bado.

"Na hapa Doha, nani unamwambia kwamba umechoka?"

Nikacheka. Nikasema namwambia Mungu.

"Mungu anajua tayari. Mwambie mtu."

Neno hilo lilinifuata wiki nzima. Lilipanda basi nami asubuhi, likashuka nami jioni. Kwetu mwanamume aliye mbali humwambia mkewe "mimi ni mzima" kabla hajaulizwa. Ni kama kubisha hodi. Husemi hodi kwa sababu umefikiria, unasema kwa sababu uko mlangoni.

Sasa niseme habari za shati.

Chumbani kwetu kuna shati moja la mikono mirefu, la samawati iliyokolea, kitambaa kizito, kola ngumu. Mwenyewe ni Kato, Mganda anayeendesha gari la nyumba moja kubwa, na alipewa na tajiri wake. Kato alipigia nalo simu nyumbani mara moja, mkewe akamwambia amenenepa. Basi. Mwadime akaliazima. Kisha mimi. Lile shati linafunika mifupa ya shingo, linanyoosha mabega, na ukilifunga mpaka kifungo cha juu unaonekana mtu aliyekula. Kato akalipa jina la Waziri, kwa sababu anayelivaa hana njaa. Likawa linaning'inia nyuma ya mlango, na Ijumaa tunapokezana. Mmoja akimaliza simu anavua, mwingine anaingiza mikono likiwa bado na joto la mwenzake.

Kwa nini Ijumaa? Kwa sababu ndiyo siku yetu ya mapumziko, na saa ya Doha na saa ya Kenya ni moja. Wakesho, mke wangu, na mimi tunakula pamoja chakula cha mchana siku hiyo. Mimi nasonga ugali hapa, kwa unga ninaofuata mtaa wa Al Mansoura, naye anasonga wake kule nyumbani Wundanyi. Nasimamisha simu kwenye kopo la maziwa, yeye ya kwake huiweka dirishani. Tunanawa, tunaomba, tunakula. Maneno machache. Nasikia kijiko chake kikigonga sufuria. Kuna siku nilinyoosha mkono kuchukua mboga kwenye sahani yake, kweli kabisa, nikagusa kioo.

Hilo sikumwambia mtu.

Leo tulikuwa tumemega mara tatu au nne tu alipouliza, bila kuinua macho, "Baba Mkamburi, hivi huko Doha kuna shati moja tu?"

Nikatafuna polepole. Nikauliza, shati gani.

"Hilo. Lina alama ya pasi mfukoni. Jumapili ile kwenye chama cha akina mama, Mghoi alitupitishia simu tumwone mume wake alivyong'aa. Nikasema, huyu ni Mwadime, lakini kifua ni cha mume wangu."

Mghoi ni mke wa Mwadime. Sisi wanaume wenye akili zetu tulipanga mambo yote. Nani avae saa ngapi, nani akae upande wa dirisha, nani asikohoe. Tukasahau kwamba wake zetu wanauza mboga soko moja na wanaimba kwaya moja.

Nikaanza kucheka ili tucheke wote. Hakucheka.

"Livue," akasema.

Nikamwambia Kato yuko nyuma yangu, si heshima. Kato alikuwa kitandani kwake, akajigeuzia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani, akasema, "Mimi nimelala, mama. Sioni kitu."

"Livue, mume wangu. Nataka kukuona."

Nilianza na kifungo cha juu. Nilipomaliza nikalivua, nikabaki na fulana yangu ya kazini, ile iliyolegea shingo. Sikutazama simu. Nilitazama ugali wangu. Niliogopa jambo moja tu, na nitaliandika kama lilivyo: niliogopa kwamba akiniona ataona mzee, na kwamba yule mwanamume aliyesindikizwa naye stendi miaka ile atakuwa amekufa hapo hapo, wakati wa chakula.

Nikasikia kuku wa kwetu. Nikasikia mvua ya vuli ikianza juu ya mabati, halafu ikakata.

Kisha akasema, "Umekuwa kama baba yako."

Baba yangu alikuwa mtu mwembamba mwenye mabega ya mfupa mtupu. Wakesho alimpenda sana yule mzee. Ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Kwa hiyo sijui alisema kwa huruma au kwa mapenzi. Labda kwake ni kitu kimoja.

Nikamwambia. Yote. Kukaa chini na bomba mkononi, presha, vidonge chini ya mto, goti linalolia ngazini, na kwamba kuna asubuhi naamka sitaki chochote, hata chai. Nikamwambia nimechoka. Nilidhani neno hilo likitoka kitatokea kitu. Ugali ulipoa tu.

"Na mimi nikuonyeshe," akasema.

Akajaribu kuinua mkono wake wa kulia. Ulifika usawa wa kifua ukagoma. Uso wake ukajikunja. Bega, amesema, tangu kabla ya mavuno. Ndiyo sababu huweka simu dirishani, hawezi kuishika juu kwa muda. Mimi nilikuwa nadhani anafuata mwanga. Hawezi kujisuka, Mkamburi ndiye anayemsuka akija nyumbani. Na kuna joto linampanda usiku, anatupa blanketi katika baridi ile ya Wundanyi, anakwenda kukaa jikoni peke yake mpaka lipite.

Mwanamke anaungua kwa joto katika baridi yetu, na mimi huku nimemficha jua langu. Miaka yote hii tumekula pamoja kila Ijumaa na hatukuwahi kuonana.

Nilitaka kumshika lile bega. Sina namna nyingine ya kuliandika. Mikono yangu inajua kazi, ina sugu, ina joto, na iko hapa ikishika simu. Kwa mkono huu huu ningemkanda kwa mafuta ya nazi kila jioni mpaka lilegee, wala asingehitaji kuniomba. Kutamani chakula nakujua, usingizi nao nimeutamani sana. Huku kutamani bega la mtu mwenye umri wako, linalouma, ni kugeni kwangu. Ujanani nilimtamani kwa mengine.

Nikamuuliza kama ananitaka nirudi. Nilitarajia aseme rudi kesho.

"Mwaka wa mwisho wa Mkamburi chuoni ukiisha, rudi. Hilo tulishapatana. Lakini usinirudishie picha. Sitaki mtu mnene. Nataka mtu wa kuzeeka naye, awe amekonda, awe anachechemea, lakini awe amefika."

Nikamwahidi. Akasema ahadi yangu anaijua, anataka kuona. Basi tukapatana mambo mawili. La kwanza, ataenda hospitali na bega lake, na mimi nitameza dawa kama alivyosema dada Nekesa. La pili ni lake yeye mwenyewe, na lilinishangaza. Tutembee. Jioni tukiweza, saa ile ile, simu mfukoni, waya masikioni, kila mtu kwake.

"Tukiongea?"

"Tukitaka. Tusipotaka tutasikilizana tukihema."

Baadaye nilimrudishia Kato shati lake, nimelikunja. Akafunua shuka, akalitazama, akaniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, Waziri amefutwa kazi?"

Mwadime alikuwa ametoka kuoga. Akauliza kuna nini, nikamweleza habari za chama cha akina mama na ile alama ya pasi. Alisimama na taulo begani, maji yanamtiririka.

"Kwa hiyo Mghoi anajua."

"Wangu anajua. Wako atakosaje?"

"Lakini kila Ijumaa ananisifia."

"Na wewe unamwambia umeshiba."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Zamu yake ya simu ilikuwa imefika. Aliliangalia shati, akaliangalia tena. Mwishowe alivaa fulana yake ya mpira yenye tundu kwapani, akatoka nje na simu. Sikujua walizungumza nini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa anapiga mluzi.

Saa kumi na moja jioni nikatoka. Huku jua la miezi hii huzama mapema, giza lilikuwa limeshaanza kuingia, taa za maduka zimewashwa, watu wanatoka msikitini. Nilipita kwa muuza mikate, nikapita kinyozi, nikazunguka ukuta wa shule. Goti lililia mwanzoni, kisha likazoea. Masikioni nilikuwa na Wakesho anapanda njia ya kwenda kisimani. Nilisikia majani mabichi yakipiga sketi yake. Nilimsikia akisalimia watu kwa Kitaita, nami nikawa naitikia kimoyomoyo salamu ambazo hazikuwa zangu.

Nikamwambia huku ni usiku tayari.

Akasema kwao jua bado lipo, limekaa juu ya kilima, na ukungu unaanza kupanda kutoka bondeni. Akasema atatembea polepole ili lisizame kabla sijafika.

Nikatembea haraka kidogo.

Sasa nimerudi. Nguo zimekauka kwenye kamba. Kesho basi letu litakuja alfajiri kama kawaida, na kuna mitende mipya inayosubiri kushushwa. Nimetoa pakiti chini ya mto, nimeiweka kando ya mswaki, mahali ambapo hata mjinga ataiona.

Kichwa hakiumi hata kidogo.

Nimemeza.