Shavu Nililolikanda

Da Mwana, dada yangu,

Salamu ya makaburini naijua, ila leo sikuanza nayo. Nina hasira na wewe, nina hasira na Mama Mkubwa, na hasira iliyozidi zote ni juu ya nafsi yangu. Ulipokuwa hai hakuna aliyesema mbele yako mpaka akamaliza. Leo utanisikiliza.

Likumbuke jino lenyewe. Gego la chini, upande wa kushoto, lililotoboka tangu Rukia wako anasoma darasa la pili. Kila likikuamsha ulilishindilia karafuu, ukabeba masufuria yako kwenda Kurasini kuwauzia madereva wa malori supu na chapati. Safari ile karafuu haikufua dafu. Uliamka shavu limejaa, jicho limebanwa, na bado ukatutania: "Nimenenepa upande mmoja, nyie hamnipongezi?" Ukameza vidonge vya rangi mbili, viwili tu, maumivu yakatulia kidogo, vilivyobaki ukavifunga kwenye pindo la kanga eti vitamfaa mwingine. Nilipokwambia twende hospitali ukanikata kauli. "Jino haling'olewi na uvimbe wake, damu itapanda kichwani. Mie nasubiri upungue." Mama Mkubwa akakuunga mkono, na hapa Tandika Mama Mkubwa akishasema, nani tena wa kubisha?

Tukasubiri. Na katika kusubiri huko, aliyekukanda ni mimi. Wewe ulinikanda siku arobaini nzima nilipojifungua, na mtaa wote ulijua hakuna mkono kama wako kwa maji ya moto. Nikaona zamu yangu imefika. Nilichovya kitambaa, nikakamua, nikakandamiza pale palipouma zaidi, nawe ukaguna: "Kanda bwana, usinipapase kama unachagua nyanya." Nikaongeza nguvu. Mungu wangu, niliongeza nguvu, na nilijisikia mdogo mtu mwema.

Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umetelemka shingoni. Mate hayamezeki, sauti imekuwa ya mtu mwingine. Ndipo tukatafuta bajaji.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa Rukia ukiongeza miaka michache. Alinivuta pembeni akaniambia uvimbe wa jino haukandwi kwa moto wala haungojewi, mgonjwa anapelekwa nao hivyohivyo, usaha utolewe mapema kabla haujatafuta njia nyingine. Halafu akauliza, nani alikuwa anamkanda? Nikajibu, sijui. Ulikuwa bado unahema nyuma ya pazia wakati ninasema vile. Kabla ya adhuhuri ukaondoka.

Hukuyaona ya matangani, ngoja nikupe. Mama Mkubwa alikaa mkekani akatoa hukumu: "Jino haliui mtu mzima. Hapa pana mkono wa mtu." Wote wakamkumbuka Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta mmoja, kwa sababu mligombania pale pa kuweka meza Kurasini na akakwambia hutafika mbali. Maskini Bi Tatu alikuja na kanga yake ya kuoshea maiti. Wakamrudisha mlangoni. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nikaendelea kumimina chai. Ningefungua mdomo, wangeuliza niliyajuaje, na ningelazimika kusema daktari aliniuliza nini. Kwa hiyo mwanamke asiye na kosa akaitwa mchawi mwaka mzima, watoto wakakatazwa kununua hata barafu kwake, na mimi nikipishana naye naangalia chini.

Mwezi uliopita Rukia aliamka shavu limevimba.

Nilipotoka chumbani nikakuta sufuria iko jikoni, maji yanatokota, kitambaa kimekunjwa pembeni. Mama Mkubwa anasema ni mkono uleule, mtoto akandwe kwanza apate nafuu, kisha apelekwe kwa mtaalamu Mbagala. Rukia mwenyewe hataki hospitali, anasema mama aliingia kule akatoka jeneza. Da Mwana, nilibeba ile sufuria nikaimwaga uani. Nikasema yote. Nikasema hakuna mkono wa mtu ila huu, nikauinua wakauona. Nikasema daktari aliniuliza nikakana. Mama Mkubwa alinitazama kama nimevua nguo. Akasema, "Ungekufa nalo."

Rukia alichukua baibui lake akatangulia barabarani.

Walimpasua fizi wakatoa usaha, wakaling'oa jino siku ileile, uvimbe hivyohivyo. Damu haikupanda kichwani. Akapewa dawa akaambiwa azimalize zote, asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na shavuni aweke kitambaa cha baridi. Siku ya pili akalala usingizi. Siku ya nne nikaiona tena sura yako, imekaa sawa pande zote mbili. Saa moja ya foleni, dada. Ndicho kilichotushinda kwako.

Bi Tatu nilimfuata. Nilisema mlangoni kwake, kwa sauti, majirani wasikie. Akanijibu, "Ahsante, mwanangu. Sasa nenda kwenu," akafunga mlango. Sikumlaumu.

Na Rukia amehamishia godoro lake kwa baba yake Vingunguti. Haniiti tena mama mdogo. Nikipiga simu anapokea, anasema shikamoo, anasema jino halimsumbui, anakata.

Basi pumzika, Da Mwana. Msamaha sikuombi, maana ungenipa haraka, nawe hukuwa na haki ya kuutoa peke yako. Ninakuahidi moja: yeyote akiuliza umekufa na nini, nitamwambia jino. Akishangaa jino linauaje, nitamkalisha chini nimweleze, na jina langu sitaliruka.

Mdogo wako,
Zuhura