Mkufu Hauanziwi Kushoto

Ijumbi, Jumatatu asubuhi

Mama Kemilembe,

Wanafunzi wangu nawafundisha kuanza barua kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Wewe sikuulizi. Nimetoka kaburini kwako sasa hivi, nimepalilia, na migomba inayokuzunguka imestawi. Nakuandikia kwa sababu nina habari: juzi Jumamosi binti yetu ameolewa, na shingoni alivaa mkufu wa shanga na waya nilioutengeneza mimi. Mimi mumeo, kwa mikono hii uliyosema haiwezi hata kufunga mzigo wa kuni ukafika nyumbani.

Cheka kwanza, nakusubiri.

Tuseme ukweli, lawama ni yako. Miaka yote ile ulikaa barazani jioni na kisahani chako cha shanga mapajani, ukitengeneza mikufu na vikuku vya watu. Jirani akijifungua, unampa. Mke wa mchungaji akisifia wa kwako, unauvua unampa papo hapo. Kutoka hapa hadi Kanazi kwa mdogo wako, wanawake wamevaa kazi yako, lakini tulipofungua sanduku lako baada ya matanga hamkuwa na hata kimoja. Tulikuta bati la majani ya chai limejaa shanga, na mzingo wa waya mwembamba wa shaba, basi. "Ni michezo tu," ulikuwa ukisema, na mimi nilikubali upesi mno kwamba ni michezo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi, harusi ikiwa imebaki mwezi mmoja, Kemilembe akaja akasimama mlangoni. "Tata, cheni ya dukani sitaki. Nataka nivae kitu cha Mama." Nikamwambia tumwazime mdogo wako wa Kanazi ule mkufu wake. Akakataa. "Ule Mama alimpa yeye. Mimi nataka wangu." Nami unanijua, mdomo wangu hutangulia mbele, mwenyewe nafuata nyuma. Nikamwambia, "Utavaa wako."

Nilikwenda Kanazi kwa baiskeli nikauazima ule mkufu nipate kuunakili. Niliuchora kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba, kila mraba punje moja: nyeupe, nyeusi, damu ya mzee. Kila mstari nikaupa namba. Ulikuwa mchoro safi, ningeweza kumwonyesha mkaguzi wa shule. Nikachukua bati lako la shanga na koleo langu la baiskeli, nikaketi kwenye kigoda chako. Waya ulinichoma kidole gumba mara nyingi hata nikawa nashika chaki kwa vidole viwili. Mzee mmoja wa kanisa alipita barazani, akasimama, akanitazama. "Waitu, mwalimu! Siku hizi unatunga shanga?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na kama anataka asogee nimpime shingo. Hajapita tena njia hiyo.

Nilianzia kushoto nikaenda kulia, wiki mbili nzima. Nilihesabu punje mara tatu, na hesabu ilikuwa sahihi pande zote mbili. Lakini nilipomvalisha Kemilembe, lile ua la katikati, linalopaswa kukaa chini ya koo, lilikwenda kukaa karibu na bega. Alijitazama kwenye kioo, akauma mdomo. "Ni mzuri, Tata," akasema. Ulikuwa mbaya, mke wangu. Ungemfaa mtu aliyelala vibaya akaamka na shingo imekwenda upande.

Siku ya pili nikadandia lori la kahawa mpaka Bukoba, kwa Bi Zuhura, yule rafiki yako muuza shanga ambaye watu wake walitoka pwani. Aliulaza mkufu wangu mezani, akaupima kwa shubiri huku na huku. Hakucheka, na hiyo ilikuwa heshima kubwa. "Mwalimu," akasema, "hii si barua uanzie kushoto. Punje hazilingani unene. Ukianzia pembeni hesabu itatimia na mkufu utakwenda upande. Shika katikati kwanza. Kisha tia moja huku, na mwenzake huku. Marehemu alikuwa akifanya papa hapa, mbele ya macho yangu."

Miaka ishirini na miwili umekaa mbele yangu barazani, na sikuwahi kuona unaanzia wapi. Nilikuwa nasoma gazeti. Nililia pale dukani, mchana, mbele ya wateja. Bi Zuhura akanipa maji, kisha akageuka akajifanya anapanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Nilirudi nikafumua wote. Zilibaki siku tisa. Safari hii nilifunga ua kwanza, likaning'inia peke yake katikati ya waya. Halafu punje ya kushoto, ya kulia, ya kushoto. Nikitia nene huku, natafuta nene ya kwenda kule. Kumbe kazi hiyo ina utulivu wake, hata ukiitwa husikii. Samahani kwa siku zote nilizokukasirikia ulipokuwa huniitikii.

Nilikunja kulabu ya mwisho Ijumaa mchana. Sikudanganyi, haufikii kazi yako. Karibu na kisogo waya umejikunja kidogo, na nyeupe moja imepasuka. Lakini ua lilikaa pale pale panapotakiwa. Mdogo wako alimshika Kemilembe mabega kanisani, akamgeuza, akauliza fundi ni nani, na mimi nikajibu kwa sauti ambayo nadhani hata mchungaji aliisikia.

Sasa sikia lililonifanya nikuandikie. Kabla hajapanda gari kwenda kwa wakwe zake, binti yako alinivuta kando. "Tata, usinikasirikie. Kuanzia katikati mimi najua tangu nikiwa na meno ya utoto. Mama alinifundisha."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha wiki mbili nihangaike na kushoto kwangu, wakati angeweza kutengeneza mwenyewe.

"Ningeutengeneza kwa siku tatu," akasema. "Lakini tangu tumzike Mama ulikuwa huli. Siku uliyoanza kuhesabu punje, jioni uliniomba chakula. Ningekunyang'anya vipi?"

Nilimfungia kulabu vizuri, ingawa haikuwa imelegea, wakaondoka.

Nyumba sasa ni mimi na kuku. Nimeanza kikuku cha mdogo wako, shukrani ya kuniazima ule mkufu, na nimeanzia katikati. Nakuaga hapa, Mama Kemilembe, kengele ya shule inakaribia. Lala bila wasiwasi juu yangu. Jana nilimenya ndizi mwenyewe, nikapika, zikaungua upande mmoja, nikazila zote. Nakuahidi nitakula na leo, na kesho, hata sasa ambapo Kemilembe hayupo kunichungulia mlangoni kama nimekula.

Mimi mumeo,
Mwalimu